Mahema ya Askari Kwenye Shamba la Kahawa

Vijana wa karakana ya Tunduma, mliniaga vizuri. Mlinipa kitenge na sufuria, mkaimba, halafu mkaniomba niandike kazi nilivyoifanya tangu mwanzo, eti isipotee. Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie mkato na nukta. Someni kama mnanisikia nikisema huku nimeshika sindano mdomoni. Vyeo sitaviandika, sikuwa navyo. Mshahara kila mtu anaujua wake. Nitaandika kitambaa, na mtu aliyenifundisha kitambaa, na ile mvua ya wakati wa vita ambayo hadi leo nikisinzia mchana naisikia juu ya kichwa changu.

Ninyi mnachoma plastiki kwa mashine ya moto, kingo zinashikana, mnasema mmeshona. Sawa. Lori linafika Lusaka mzigo ukiwa mkavu, sina ugomvi. Lakini mimi nilianza na turubai la pamba, lile zito la kijani, ambalo ukilibeba begani linakulalia kama mtoto mwenye homa. Lina harufu yake. Likikauka linanukia nyasi, likilowa linanukia mbwa. Nimelizoea hata nguo zangu za kanisani zilinukia hivyo, na mume wangu, Mungu amrehemu, alizoea pia, hakuwa na namna.

Karakana ya kwanza ilikuwa kule Ruanda, wilaya ya Mbozi, nyumba ndefu ya matofali chini ya mashamba ya kahawa. Tulishona vifuniko vya vichanja vya kuanikia kahawa, ili mvua ya ghafla isiharibu mavuno. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia dirishani kama mtu wa nyumbani, unakaa kati ya cherehani, na sisi tunashona ndani yake bila kuonana vizuri. Unasikia mtu anakohoa, unajua huyo Anyesi. Unasikia mkasi, unajua huyo Mama Lameki.

Mama Lameki ndiye alikuwa mkubwa wetu. Mrefu, mkavu, kavaa koti la kiume juu ya kitenge, maneno machache. Siku yangu ya kwanza hakunipa sindano. Alinipa ndoo ya turubai, zile za kukunjwa ambazo askari na wapima ardhi wanabebea maji. Akasema jaza, nyanyua, simama. Nikajaza. Maji yakatoka kila upande kama ndoo inalia. Sketi ikalowa, viatu vikalowa, wanawake wananiangalia wanabana vicheko. Nikasimama. Polepole matone yakapungua. Yakawa moja hapa, moja pale. Yakaacha.

"Umeona nini, binti?"

"Imeacha kuvuja, mama."

"Kwa sababu gani?"

"Sijui."

"Pamba imekunywa ikashiba. Ikishiba inavimba, inajifunga yenyewe. Kazi yako siyo kuzuia maji. Kazi yako ni kukisaidia kitambaa kijifunge. Haya, weka ndoo chini, njoo kwenye meza."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Ninyi mlijaza fomu.

Mkono wake ulikuwa na namna yake ya kuweka kiraka, na hiyo nataka mwielewe vizuri. Kwanza hakukata pembe za mraba. Alizungusha pembe kwa mkasi kama sarafu, maana pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka. Pili alikunja ukingo ndani ya ukingo mwenzake, zinashikana kama vidole vya mikono miwili. Tatu hakufunga fundo. Fundo linaoza, linaacha tundu. Uzi ukifika mwisho, alirudisha sindano chini ya mishono iliyotangulia, akaivuta, akakata, ncha ikapotelea ndani. Aliita kufunga mlango. Uzi wenyewe alikuwa ameshausugua kwenye bonge la nta ya nyuki hadi unang'aa. Sijaona mtu mwingine anamaliza hivyo. Cherehani haiwezi. Sisi wote tulifunga mlango kwa sababu tusingemaliza siku bila kugombezwa.

Mwanawe Lameki alikulia chini ya meza hiyo. Mvulana wa kucheka, mikono myepesi, alijua kushona kabla hajajua kupanda baiskeli. Vijana wenzake walimtania, "Lameki, utaolewa lini?" naye anajibu, "Nikimaliza suruali yako, maana naona nyuma imechanika." Vita ilipokuja, akaenda. Wengi walienda. Mama yake alimsindikiza hadi stesheni, akampa sindano mbili na kipande cha uzi kwenye kopo la dawa, akarudi kazini siku hiyo hiyo. Hakulia mbele yetu. Alishona hadi jioni mshono ulionyooka kama reli.

Halafu lori likaja, limejaa mahema.

Liliendeshwa na koplo mmoja mnene mwenye sauti ya kupendeza, mtu wa mikoa ya Kati, aliyesema kila kitu kama anatangaza mpira. Akatuambia mahema yametoka mbele, yametoboka, karakana za mjini zimezidiwa, sisi tunajua turubai, basi tuyatengeneze yarudi kabla mvua haijawa kubwa zaidi kule. Akayashusha barazani, akaenda zake.

Mengi yalikuwa nusu. Hatukuwahi kuona kitu kama kile. Kipande cha turubai cha pembe tatu kilichorefushwa, upande mmoja una vifungo, na basi. Anyesi akakivaa mabegani. "Hii nguo upande wake mwingine uko wapi?" Mama Lameki akakigeuza, kisha akaelewa. Kila askari anabeba nusu yake mgongoni. Jioni anamtafuta mwenzake, wanafungana vifungo, nusu mbili zinakuwa nyumba ya watu wawili. Asubuhi wanafunguana, kila mtu na nusu yake. Nilipenda sana jambo hilo. Nilikuwa msichana bado sijaolewa, nikakaa pale barazani nikifunga na kufungua vile vifungo, hadi nikaambiwa niache uvivu.

Lakini yalikuwa yameshika matope ya nchi nyingine, mekundu, yaliyokauka. Mengine yalikuwa na madoa ambayo hayakuwa matope. Hakuna aliyetaja. Tukayapanga pale nje, na hakuna aliyeyaingiza ndani.

Kwetu kitu kilichotoka penye kifo hakivuki kizingiti kabla hakijafuliwa. Si jambo la kujadili. Hata kiti alichokalia marehemu kinamwagiwa maji kwanza. Na hapa hatukujua lipi limemfunika maiti na lipi halikumfunika. Mama Lameki akasema, "Sishoni juu ya kitu cha mtu nisiyejua kama yupo au hayupo. Tuyafue yote, wote tuwape heshima moja."

Tukayabeba kwenda mtoni. Sabuni ya mche, kila mtu kipande chake. Tulifua bila kuimba. Povu lilikuwa linashuka na mto, jeupe, kisha la kijani kidogo, linapinda kwenye mawe, linaondoka. Nakumbuka nilidhani ni rangi. Tukayaanika kwenye uzio wa shamba, kilima kizima kikawa kinapepea. Watu waliopita njiani walivua kofia, bila kujua kwa nini.

Koplo alirudi kuangalia kazi imefika wapi. Akainama juu ya rundo, akanusa.

"Mama zangu, mbona yananukia vizuri?"

"Tumefua," akasema Mama Lameki.

"Mmefua? Na maji?"

"Na sabuni, afande," akasema Anyesi. "Ulitaka tufue na mate?"

Yule mtu akaketi juu ya mahema, akavua kofia, sauti yote ya mpira ikamtoka. Akasema, polepole, kwamba turubai la jeshi limepakwa dawa kiwandani, dawa ya mafuta inayozuia maji. Sabuni inaila. "Sasa hiki ni kitambaa tu, mama. Vijana wamelala kwenye matope. Mvua ya kule haiishi. Mtu akilala amelowa wiki nzima, haamki na bunduki, anaamka na homa ya mapafu."

Nilimtazama Mama Lameki. Hakujitetea. Alikuwa anafahamu, kama sote, nani yuko kule akilowa.

"Tupe muda," akasema.

"Muda ninao kidogo sana, mama."

"Basi tupe huo kidogo."

Tukaenda nyumba kwa nyumba kutafuta nta. Mbozi watu wanafuga nyuki, kila jiko lilikuwa na bonge mahali. Walitoa. Ukisema ni kwa ajili ya askari, mtu anakupa hata nta aliyoiweka kwa mishumaa ya Krismasi. Namna ya kufanya ni hii, ishikeni: yeyusha nta ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto, siyo juu ya moto wenyewe. Ondoa, peleka mbali na jiko, ndipo uchanganye na mafuta ya taa. Mbali, nasema. Nyusi za Anyesi zilichukua muda kuota tena. Halafu chovya tambara, sugua kitambaa upande wa nje, taratibu, hadi kinywe. Kikauke juani. Sugua tena.

Tulisugua hadi mikono ikawa laini kama ya wake za matajiri. Lakini tungejuaje kama imefaa? Ndoo unaijaza. Hema huwezi kulijaza. Mama Lameki akasema tuyasimamishe, tuingie, tusubiri mvua.

Hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka, wanangu, maana sina picha. Tuliyasimamisha kwenye mteremko juu ya karakana, kati ya mibuni, mstari mmoja baada ya mwingine, nguzo kwa nguzo, vigingi tulichonga wenyewe. Kambi nzima ya jeshi, na hakuna askari hata mmoja ndani yake. Walikuwa wanawake, na watoto migongoni, na bibi kizee mmoja aliyekuja na kigoda chake kwa sababu alisikia kuna mahali pa kukaa. Ukungu ulishuka. Mahema ya mbali yakawa kama vivuli vya ng'ombe waliolala. Mtu anaita kutoka hema la juu, "Kwenu imeanza?" na kutoka chini, "Bado!" Halafu kimya. Harufu ya nta na maua ya kahawa. Nimeshalala sehemu nyingi katika maisha yangu, lakini sijalala popote kama nilivyokaa macho pale.

Mimi nilikuwa na Mama Lameki kwenye hema la nusu mbili. Tulikaa magoti yakigusana. Mvua ikaja kwanza kwa mbali, kwenye mabati ya karakana, ikapanda mteremko ikipita juu ya mibuni, ikatufikia. Juu ya turubai sauti yake siyo ya bati. Ni nene, iko karibu, kama mtu anakusemesha na mdomo umefunikwa.

Sauti zikaanza huko nje. "Hapa panavuja!" "Na kwangu!" "Pembeni, kwenye mshono!" Kila mtu alikuwa na mkaa wa kuweka alama. Kitambaa chenyewe kilishikilia, lakini viraka vya zamani, vile vilivyowekwa huko huko mbele kwa haraka na mafundo, vilikuwa vinapitisha maji kimoja baada ya kingine. Tukaweka alama, tukaweka alama.

Juu ya kichwa cha Mama Lameki kulikuwa na kiraka kimoja kisichopitisha.

Alikitazama muda mrefu. Sasa, sheria ya kwanza ya hema la pamba ni kwamba likinyeshewa usiliguse kwa ndani. Ukigusa, maji yanafuata kidole chako yanashuka. Mtoto wa karakana anajua hilo. Mama Lameki, aliyewahi kunichapa kofi mkononi kwa kosa hilo, akanyoosha kidole akakigusa. Akakipitisha ukingoni kote, polepole, kama mtu anayesoma. Pembe zilikuwa za mviringo. Ukingo umeshikana na ukingo. Akatafuta fundo. Hakukuwa na fundo.

Hakuna tone lililoshuka.

"Kafunga mlango," akasema.

"Rahel, huyu ni Lameki. Mwanangu alikuwa hai alipoweka kiraka hiki. Alikuwa hai, na ana uzi, na amekaa mahali akatulia akashona."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka, meno yake yalikuwa mazuri. Mvua ilikuwa inapiga na yeye anacheka kimyakimya, kidole kiko juu.

Siku zile alikuwa mtu mwingine. Alituletea viazi vya kuchemsha. Alimwita Anyesi kwa jina la utani. Tulifumua viraka vyote vibaya, tukaweka vyetu, tukasimamisha tena, tukasubiri tena mvua, hadi kilima chote kikawa kimya na hakuna aliyeita. Koplo alipokuja kuchukua, alilala chali ndani ya hema moja wakati mvua inanyesha, buti ziko nje, akaimba.

Wakati wa kupakia, Anyesi alimvuta mkono Mama Lameki. "Tukikate kile kiraka, dada. Tuweke kingine kipya, nani atajua? Wewe ubaki nacho."

"Hapana."

"Ni cha mwanao."

"Chini yake atalala mtu," akasema. "Kipya hatukijui kama kinashika. Hiki tumekiona."

Akaikunja ile nusu yeye mwenyewe, akaiweka juu kabisa ili isikandamizwe, lori likaondoka.

Vita ikaisha. Treni zikaleta vijana. Mama Lameki alikwenda stesheni mara nyingi, koti lake lile lile, anasimama mbali kidogo na wanaoshangilia. Lameki hakushuka. Aliuliza, na waliomsikiliza walimsikiliza kwa heshima, wakamwambia hajaonekana kati ya waliorudi wala kati ya waliozikwa, bado wanamtafuta. Basi ikawa hivyo. Kama hamjafiwa, eleweni: maiti unailia. Mtu asiyeonekana unamfanyaje?

Wazee wa ukoo walikuja, na mchungaji, wakasema tuweke matanga, roho ipumzike. Akawakaribisha chai. Kisha akasema, "Mwanangu alishona kiraka. Mtu anayeshona hivyo hajachoka kuishi. Mnataka nimzike wakati anatafuta njia ya kurudi?" Hawakurudi tena kumuuliza. Sisi wengine tukaona aibu kumwita Mama Lameki, tukawa tunasema "mama" tu, tunameza neno. Siku moja alipiga mkasi mezani. "Nina jina. Liiteni lote." Tukaliita lote.

Macho yake yalipochoka alikaa nyumbani. Karakana ikafa, kama mambo mengi, bila mtu kuiua. Mimi nikaolewa, nikaja Tunduma, nikafungua meza yangu pale kwenye foleni ya malori, na hiyo mnaijua. Nilishonea malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Nilijifunza kuitikia "bamayo" kwa madereva wa upande wa pili, ambao wanakuita mama kwa heshima na huku wanakupunguzia bei. Nilishona maturubai ya chumvi kutoka Ivuna, na kuhusu hayo neno moja: pete za shaba za kupitishia kamba haziwezi kushindana na chumvi, zinaliwa kimyakimya, shona kitanzi cha kamba badala yake. Niliwashonea mahema ya biashara akina mama wa Isongole waliouza maharage mpakani. Mara moja walikuja askari waliorudi kulinda amani nchi za watu, na mahema mepesi ya nailoni, mifupa ya plastiki, yanakunjwa hadi yanaingia kwenye soksi. Nikayapenda. Nikayatengeneza. Lakini nailoni hainywi, haishibi, haivimbi. Ukiitoboa, imetoboka.

Kila nilipokwenda Mbozi nilipita kumsalimu Mama Lameki. Hakuwa anauliza tena. Alikuwa anasubiri, na kusubiri kwake kulikuwa kumemwingia kwenye mifupa, haendi harusi za mbali, hahami nyumba ingawa ilikuwa inainama, maana mtu angerudi angemkosa.

Ikatokea siku moja dereva akaniletea turubai lake. Alikuwa anatoka Zambia mtupu, anarudi Dar. Mtu mzima, mvi, anachechemea mguu mmoja, mcheshi. Jina lake Saidi. Turubai lilikuwa limechanika kwa upepo, nikalitandaza mezani, nikawa ninapitisha mkono kutafuta pengine palipochoka. Mkono wangu ukakuta kiraka cha pembe za mviringo. Nikakigeuza. Ukingo ndani ya ukingo. Nikatafuta fundo.

"Nani amekushonea hiki?"

"Mimi mwenyewe, mama. Kibaya?"

"Nani alikufundisha?"

Akacheka. "Marehemu rafiki yangu, jeshini. Tulimwita Fundi. Huyo alikuwa na kichaa cha kushona, vita inapigwa yeye anakwambia pembe zako mbaya."

Nilikaa chini. Alinipa maji, akidhani ni presha. Nilipokunywa, nilimuuliza kama anaweza kusimama Ruanda, ni njiani kwake. Hakuuliza kwa nini. Alinitazama, akaniangalia mikono, nadhani akajua.

Tulimkuta Mama Lameki nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage kwa vidole, macho yake yameelekea mashambani ambako hakuona kitu tena isipokuwa mwanga. Kulikuwa na manyunyu ya mbali, hayajafika.

"Shikamoo, Mama Lameki."

"Marahaba, Rahel. Umekuja na mtu mwenye mguu mbovu."

"Nimekuja na mtu aliyekuwa vitani na Lameki."

Vidole vikaacha maharage. Saidi akapiga magoti pale mkekani, akampa shikamoo. Mama akamshika mkono, akaugeuza, akatafuta kwenye kidole mahali sindano inapotoboa mafundi. Akapakuta.

"Sema," akasema. "Usizunguke."

Saidi akasema. Walikuwa nusu mbili za hema moja, yeye na Lameki. Lameki alijeruhiwa ubavuni na mkononi, jioni, mvua inanyesha, gari la wagonjwa limekwama. Saidi alizifunga nusu mbili, akamlaza ndani. Nusu ya Lameki ilikuwa imetobolewa na kipande cha chuma, maji yanamwagikia kifuani. Mkono wa Lameki haufanyi kazi. Basi akamwelekeza Saidi.

"Nilishona kwa haraka, mama. Akaniambia zungusha pembe. Nikamwambia Fundi, huu si wakati wa pembe. Akaniambia mama yangu angekuona angekupiga na mkasi. Nikazungusha. Nikafunga fundo, akaniambia fungua, rudisha sindano chini. Nikarudisha. Akaniambia sasa umefunga mlango."

"Alikuwa anacheka?"

"Kidogo. Inamuuma kucheka."

"Halafu?"

"Halafu alilala. Alfajiri hakuamka. Siku ile ile na mimi niliumia, nikachukuliwa, yeye akabaki pale, nilipopata fahamu nilikuwa mbali. Nilijua anaitwa Fundi, na kwao kuna kahawa. Sikujua niulize wapi. Nisamehe."

Kuku mmoja alikuja akala maharage mkekani, hakumfukuza. Manyunyu yalikuwa yamefika kwenye migomba, yanasikika.

"Nikuulize moja, mwanangu," akasema. "Usiku ule mvua iliendelea?"

"Usiku kucha, mama."

"Alilowa?"

"Hapana. Nilikaa kando yake naangalia kile kiraka. Halikushuka hata tone. Alilala mkavu hadi asubuhi."

Akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kama alivyokuwa anapokea kazi iliyokwisha. Akamshika Saidi kichwa, kisha akamwachia.

"Rahel, nenda kamwambie mchungaji. Waambie watu waje."

Wakaja. Kijiji kizima, na wazee wale waliobaki, na Anyesi akiwa na fimbo, na kwaya. Nyumba ilikuwa ndogo, ua ulikuwa wazi, na mawingu yalikuwa yameshakaa chini. Saidi akashusha turubai la lori lake. Tulilifunga pamoja, kona mbili kwenye kenchi za nyumba, kona mbili kwenye miparachichi, tukaliinamisha ili maji yawe na njia. Mpasuko wa upepo nilikuwa nimeumaliza njiani, kwenye kiti cha lori, na yeye akiwa ananishikia ukingo kila tuliposimama.

Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa pili mvua ilipopiga. Ilikuja yote kwa pamoja, nzito. Sauti zikalegea, watu wakaanza kuangalia juu, akina mama wanavuta watoto, mtu anasogeza kiti. Mama Lameki alikuwa amekaa katikati kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameinua uso, anasikiliza turubai lote, kutoka upande huu hadi upande ule.

"Imbeni," akasema. "Haivuji."